Namna ya Kutembea Katika Msitu wa Uingereza: Mwongozo kwa Mgeni Kutoka Mombasa

Mtu wa Mombasa anayetaka kuuelewa msitu wa Uingereza kabla hajapanda ndege na aanze kwa kuutazama mkungu ulioko mtaani kwake. Kila aliyekulia kwenye nyumba yenye mkungu uani ameshafagia majani yake: hugeuka mekundu, moja baada ya jingine, kisha hudondoka na kuparuza saruji chini ya ufagio, na baada ya muda mfupi ncha za matawi hutoa majani mapya ya kijani. Mbuyu nao, kama ile mikongwe ya Mama Ngina inayotazama mlango wa bandari, hukaa miezi kadhaa bila jani hata moja wakati wa ukame. Msitu ninaouzungumzia hapa ni wa miti yenye tabia hiyo hiyo, ila miti ya huko haikimbii ukame bali hukimbia baridi na upungufu wa mwanga, na karibu yote huvua majani kwa pamoja, hata mtu aliyepita mahali fulani mwezi wa Juni akapita tena mwezi wa Januari anaweza kuapa kwamba si pale pale.

Nawaandikia wale wanaokwenda Uingereza kumtembelea mtoto, ndugu au shemeji, wakakaa wiki tatu na kurudi nyumbani wakiwa wameona sebule, maduka na vituo vya treni. Siwalaumu, mwenyeji yuko kazini siku tano za wiki, nje kuna baridi, na mgeni hajui aanzie wapi. Lakini mashambani huko kuna jambo ambalo kwetu ni nadra, nalo ni njia za miguu zinazokatiza mashamba ya watu binafsi kwa idhini ya sheria, na mtu yeyote, awe mwenyeji au mgeni aliyefika jana, anaruhusiwa kuzitumia bila malipo. Ukishalielewa hilo, mengi yaliyobaki ni viatu na saa.

Msimu ndio unaoamua

Sisi wa pwani huuhesabu mwaka kwa pepo, kaskazi na kusi, pamoja na masika na vuli katikati yake. Waingereza huuhesabu kwa majani. Vitabu vya shule hutafsiri msimu wao wa tatu kuwa vuli, na hapo msomaji wa Mombasa hupotoshwa, kwa kuwa vuli yetu ni mvua fupi za mwisho wa mwaka zinazoifanya miti ichanue, ilhali ile yao ndiyo inayoivua miti nguo. Kwa hiyo sahau jina, uliza mwezi.

Wakati mzuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni kuanzia wiki ya mwisho ya Aprili hadi katikati ya Mei. Siku hizo majani ya miti mikubwa ndiyo kwanza yanafunguka na jua bado linafika ardhini, kwa hiyo mimea midogo inayoishi chini ya miti hufanya haraka kutoa maua kabla paa la majani halijafunga juu yake. Maua yaliyo maarufu zaidi huitwa blubeli. Kila shina ni fupi, limeinama upande mmoja, limening'iniza vikengele vya buluu iliyoelekea zambarau, na yakiwa maelfu kwa maelfu huonekana kama moshi wa ubani uliotulia juu ya ardhi. Usitoke njiani ili upigwe picha katikati yake. Mmea uliopondwa majani hushindwa kuweka akiba ya chakula katika kitunguu chake kilichoko chini ya udongo, na mahali palipokanyagwa sana huchukua miaka kurudi. Mmea huo umelindwa na sheria ya mwaka 1981 kuhusu wanyamapori na mashambani, kwa hiyo kuchimba vitunguu vyake ili uvipeleke nyumbani ni kosa. Katika misitu yenye unyevu utasikia pia harufu kali ya kitunguu saumu kabla hujaona chochote. Ni kitunguu saumu mwitu, chenye majani mapana na maua meupe. Wenyeji wengine hulila jani hilo, lakini huota jirani na mimea yenye sumu inayofanana nalo, na mgeni afadhali aridhike na harufu.

Mwezi wa Juni na Julai mchana ni mrefu ajabu. Mjini London mwishoni mwa Juni jua huzama saa tatu na dakika ishirini usiku, na mtu anaweza kutoka baada ya chakula cha jioni akatembea saa mbili na kurudi kukiwa bado na mwanga. Hata hivyo ndani ya msitu penyewe kunakuwa na giza la kijani, maua yamekwisha, na mimea inayowasha imefika kiunoni.

Mwisho wa Oktoba hadi wiki ya kwanza ya Novemba ndipo rangi zinapokuja. Kinachotokea ndani ya jani kinanikumbusha mpangaji anayehama: vitu vya thamani hutoka kwanza. Mchana unapopungua, mti huivunja ile rangi ya kijani na kurudisha virutubisho vyake matawini na shinani, na rangi ya manjano, iliyokuwamo siku zote ikifichwa na kijani, hubaki peke yake. Rangi nyekundu, pale inapokuwapo, hutengenezwa upya siku hizo za mwisho kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani. Hatimaye hujengeka utando mgumu mahali kikonyo kinapoungana na tawi, na hapo upepo mdogo unatosha. Mialoni na mibichi michanga (miti hii miwili nitaieleza mbele), na nyua zilizopandwa kwa mti wa bichi, hukataa utaratibu huu na kushikilia majani makavu ya hudhurungi hadi mapya yanapochipua. Ukiyaona usidhani mti umekufa.

Msimu wa baridi una uzuri wake, kwa kuwa umbo la kila mti huonekana wazi kama mbavu za jahazi lililoko kwenye gati la mafundi, lakini una mtego mmoja, nami nilinaswa nao. Nilikwenda kwa dada yangu mwezi wa Disemba. Tulikula pilau taratibu, tukanywa chai, na saa nane mchana ndipo mimi na mpwa wangu tukatoka kwenda msituni, kwa kuwa akili yangu ilikuwa bado kwenye saa za Mombasa, ambako jua huzama baada ya saa kumi na mbili mwaka mzima. Saa tisa na nusu msitu ulikuwa wa rangi ya jivu. Saa kumi jua lilikuwa limeshazama, na nusu saa baadaye tulikuwa tunarudi kwa tochi ya simu iliyobakiwa na chaji ya asilimia tisa, mimi nikiwa nimevaa raba za kitambaa zilizolowa hadi kwenye soksi, mpwa wangu akirudia kusema, “Mjomba, si nilikwambia?” ilhali hakuwa ameniambia chochote. Mwezi wa Disemba na Januari toka nyumbani saa tatu asubuhi na uhakikishe kwamba saa tisa alasiri umeshafika kituoni au barabarani.

Njia ya watu katika shamba la mtu

Hapa ndipo mgeni wa kwetu anapokwama zaidi, na kukwama kwake ni kwa adabu. Tumelelewa kwamba shamba la mtu haliingiwi bila hodi, na tunajua pia yanayotokea njia ya umma isipolindwa: vichochoro vya kwenda baharini kule Nyali, Bamburi na Shanzu, vingine vyetu tangu utotoni, vimezibwa kwa kuta moja baada ya nyingine. Uingereza nako watu walizibiwa, na kwa ukali zaidi. Msitu wa Epping, ulioko kaskazini-mashariki mwa London, katikati ya karne ya 19 ulikuwa ukikatwa vipande na kuzungushiwa ua na wenye ardhi, ilhali wanakijiji walikuwa na haki za tangu kale za kulisha mifugo na kukata matawi kwa ajili ya kuni. Thomas Willingale, mkazi wa kijiji cha Loughton, ni miongoni mwa waliokataa, akaendelea kukata matawi licha ya ua. Baadaye halmashauri ya City of London ikaingia mahakamani kupinga uzungushaji huo na kushinda mwaka 1874, na sheria ya mwaka 1878 ikaukabidhi msitu kwa halmashauri hiyo ili ubaki wazi kwa umma. Malkia Victoria alikwenda huko mwaka 1882 kuutangaza rasmi kuwa wa starehe ya watu wake.

Njia za kawaida za mashambani zina haki ya namna nyingine. Ardhi ni ya mkulima, mazao ni yake, ng'ombe ni wake, lakini mstari wa njia una haki ya kupita ambayo hana mamlaka ya kuifuta. Utaitambua kwa mshale mdogo uliopigiliwa kwenye nguzo au lango: wa manjano ni njia ya watembea kwa miguu pekee, na wa buluu ni njia inayoruhusu pia farasi na baiskeli. Haki hiyo ni ya kupita, pamoja na kupumzika kidogo na kutazama. Haikupi ruhusa ya kuzurura shambani, kuwasha moto wala kupiga kambi. Sheria ya mwaka 2000 iliongeza maeneo ya wazi ya milima, nyika na ardhi za jumuiya ambamo mtu anaweza kutembea popote, lakini misitu mingi ya watu binafsi haikuingizwa, kwa hiyo ndani ya misitu hiyo usiiache njia. Epping, kwa bahati njema, unaruhusiwa kutembea karibu kote.

Mara ya kwanza nilipofika ukingoni mwa shamba la ngano, mshale wa manjano ulielekeza moja kwa moja katikati ya mazao. Hapakuwa na uzio wala nafasi pembeni. Palikuwa na mfuo mwembamba wa udongo mkavu uliopita kati ya mabua, upana wa miguu miwili iliyowekwa pamoja, ukinyooka hadi mti mmoja wa mwaloni upande wa pili. Nilisimama. Nilitazama kushoto na kulia nikitafuta nyumba ya kupigia hodi. Mpwa wangu akaingia mbele akitembea kwa hatua ndogo, nami nikafuata huku nimekusanya viwiko ili nisiguse masuke. Katikati ya shamba tukamwona mzee mmoja juu ya trekta, nikajitayarisha kuomba radhi. Yeye akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, ndiyo salamu yao, akaendelea na kazi. Ndipo nikaelewa kwamba kuzunguka shamba kwa heshima, kama nilivyotaka mimi, ndiko kungekuwa kosa, kwa kuwa pembezoni mwa shamba sikuwa na haki yoyote. Mkulima anaruhusiwa kuilima njia inayokatiza shamba lake, lakini sheria humtaka airudishe katika siku 14 na kuhakikisha kwamba mazao hayaizibi.

Lango utakaloliona limefungwa, lifunge. Utakaloliona limeachwa wazi, liache wazi, kwa kuwa huenda mkulima ameliacha makusudi ili mifugo ifike kwenye maji. Pasipo na lango kuna vipandio vya mbao vya kuvukia ua. Panda ukiwa umeutazama ua, shika nguzo, na ushuke hivyo hivyo kinyumenyume, hasa mbao zikiwa zimelowa. Mzee mwenye magoti mabovu na aulizie mapema njia isiyo na vipandio, kwa sababu katika matembezi ya kilomita sita anaweza kukutana navyo mara kumi.

Ramani

Programu za simu zipo na hufaa, lakini nunua pia ramani ya karatasi ya shirika la taifa la ramani, Ordnance Survey, lililoanzishwa mwaka 1791. Chukua ile yenye jalada la rangi ya chungwa iitwayo Explorer, yenye kipimo cha 1:25,000, maana yake sentimita nne za karatasi ni kilomita moja ya ardhi. Ile yenye jalada la waridi ni ya kipimo cha 1:50,000, na mtembeaji wa mashambani huikuta imeficha mambo madogo anayoyahitaji, kama vile ua na mipaka ya mashamba. Katika Explorer njia zenye haki ya kupita zimechorwa kwa vistari vya kijani: vifupi ni vya watembea kwa miguu, virefu vya wapanda farasi pia. Vistari vyeusi vyembamba huonyesha kwamba ardhini pana kijia, bila kuthibitisha kwamba una haki nacho; wageni wengi huchanganya hayo mawili. Ramani ya Epping ni namba 174.

Jambo moja la dira ambalo mtu wa ikweta halitambui upesi ni kwamba huko jua la mchana huwa kusini daima. Hapa kwetu hupita utosini, mara likielemea kaskazini na mara kusini, nasi hatulitegemei. Uingereza, saa sita mchana wakati wa baridi, au saa saba wakati wa kiangazi saa zinapokuwa zimesogezwa mbele, ukilipa jua uso umeelekea kusini.

Matembezi ya kuanzia

Kwa aliye London napendekeza Epping, si kwa sababu ni msitu mzuri kuliko yote bali kwa sababu hauhitaji gari. Panda treni ya chini ya ardhi ya njia nyekundu ya Central, ushuke Loughton, utembee kuelekea magharibi hadi mitaa inapoishia kwenye miti, kisha upandishe kwenda Loughton Camp, ambayo ni mabaki ya ngome ya udongo ya zama za chuma iliyojengwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita na sasa imefunikwa na msitu. Kutoka hapo endelea hadi High Beach, kwenye kibanda cha chai, upumzike na urudi kwa njia nyingine. Safari nzima ni ya nusu siku kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.

Neno bichi halina budi kuelezwa. Mti unaotawala vilima hivyo huitwa bichi, sawasawa na tunavyoiita pwani yetu ya mchanga, na mwenyeji akikwambia kwamba anapenda sana bichi za Epping usifungashe nguo za kuogelea. Utaujua kwa gome lake laini la kijivu linalofanana na mguu wa ndovu. Mwaloni una gome lililopasukapasuka, jani lenye mawimbi pembezoni, na mbegu iliyokaa ndani ya kikombe kidogo kama cha muuza kahawa. Mti wa birchi ni mwembamba, mweupe, na gome lake hubambuka kama karatasi. Ukikutana na kijani kibichi mwezi wa Januari, chenye majani ya kung'aa yenye miiba, huo ni holi, miongoni mwa michache isiyovua majani.

Tazama sasa shina la bichi mkongwe kwa karibu. Kwa kimo cha mtu aliyeinua mkono, shina nene hukoma ghafla na kuwa kama ngumi iliyovimba, na kutoka kwenye ngumi hiyo matawi kumi au kumi na tano, kila moja nene kama nguzo ya umeme, hupanda juu kwa pamoja. Hayo ndiyo maandishi ya kina Willingale. Wanakijiji walikuwa wakikata matawi kwa kimo hicho ili machipukizi mapya yasifikiwe na mifugo iliyokuwa ikilisha chini, nao hurudia mahali pale pale kila baada ya miaka kadhaa. Baada ya sheria ya 1878 ukataji ulikoma, na matawi yaliyokuwa kuni yakaachwa yakawa miti juu ya miti. Katika misitu mingine utaona mtindo wa pili, wa kukata shina karibu kabisa na ardhi ili kisiki kitoe fito nyingi, jambo ambalo yeyote aliyewahi kukata mwarobaini uani na kuukuta umechipua upya hahitaji kuelezwa zaidi. Msitu uliokuwapo mfululizo tangu mwaka 1600 huhesabiwa Uingereza kuwa wa kale, na hulindwa zaidi kuliko ule uliopandwa juzi.

Ukitulia utaona kindi wa kijivu, walioletwa kutoka Marekani katika karne ya 19 na kuwafukuza kindi wekundu wa asili karibu kote kusini. Epping kuna pia paa wenye rangi nyeusi, nao huonekana zaidi alfajiri.

Mavazi na mzigo

Usinunue viatu huko. Nenda Kongowea, kwenye mitumba, utafute buti za kutembelea zenye shingo ya kufunika kifundo na soli yenye meno. Nyingi zimetoka Ulaya ndani ya marobota na wewe unazirudisha kwao tu. Kabla hujalipa, ikunje soli kwa nguvu na uibonyeze kwa kidole gumba kandokando, kwa kuwa soli za povu zilizokaa miaka mingi bila kuvaliwa huonekana nzima na kisha hupasuka siku ya kwanza ya tope. Chagua namba inayoacha nafasi ya soksi nene. Baada ya hapo zizoee kwa wiki mbili, Nguuni au chini ya mivinje ya Haller Park, maana malengelenge ni afadhali uyapate hapa ambapo matatu iko karibu.

Juu vaa nguo tatu nyepesi badala ya moja nzito, yaani fulana, sweta na koti lisilopitisha maji, upunguze unapopanda kilima na uongeze unaposimama. Jinzi haifai, ikilowa huwa nzito na haikauki. Kwa kina mama, buibui refu hunasa kwenye miiba na kuzoa tope, kwa hiyo buibui fupi kidogo au gauni linalofika kwenye muundi, pamoja na suruali ndani, litafaa zaidi. Beba leso moja. Mimi sijaona kitu chepesi chenye kazi nyingi kama hicho: ni mkeka wa kukalia kwenye gogo, ni shali upepo ukizidi, ni mswala. Chai ya tangawizi kwenye chupa na mahamri mawili matatu hushinda chochote kitakachouzwa njiani.

Vinavyowasha, vinavyouma na vinavyoanguka

Netili, ambayo watu wa bara huiita thabai, imejaa kandokando ya kila njia kuanzia Mei. Haina ukali wa upupu wetu, na maumivu huisha katika saa chache, lakini usiishike kwa mkono mtupu.

Kupe ndio wa kuogopwa, kwa sababu baadhi yao hubeba ugonjwa wa Lyme. Huwa wadogo kama chembe ya ufuta na hukaa kwenye majani marefu wakisubiri mguu upite. Ingiza suruali ndani ya soksi, na ukifika nyumbani jikague nyuma ya magoti, kinenani, kwapani na kwenye mstari wa nywele, hasa watoto. Ukimkuta amejishikiza, mbane kwa kibanio chembamba karibu kabisa na ngozi na umvute juu taratibu. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma kwa kiberiti kama wanavyofanya wafugaji. Dalili yaweza kuwa duara jekundu linalopanuka pale alipouma, au homa na uchovu, na huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa kujitokeza. Maana yake ni kwamba unaweza kuwa umesharudi Mombasa. Hapa kila homa hupimwa malaria kwanza, na ni sawa, lakini mwambie daktari waziwazi kwamba ulitembea kwenye misitu ya Uingereza na ulikuta kupe, kwa kuwa yeye hatalikisia hilo mwenyewe.

Ng'ombe wa huko ni wanene na kwa kawaida ni wapole, ila mwenye ndama huweza kushambulia. Usipite kati ya mama na mtoto. Zunguka mbali hata kama ni kuiacha njia kwa muda. Siku ya upepo mkali usiingie msituni kabisa. Mti wa ashi umeshambuliwa na ugonjwa wa kuvu uliogunduliwa Uingereza mwaka 2012, na matawi yake yaliyokufa hukatika bila onyo. Bichi wazee wenye matawi mazito nao si wa kuaminika. Uyoga usiuguse: ule uuao zaidi, wenye kofia ya kijani hafifu, huota chini ya mialoni na mibichi, na Epping kuchuma uyoga wowote kumekatazwa. Matunda meusi ya michongoma yao, yanayofanana na forosadi, unaweza kuyala mwezi wa Agosti na Septemba, ukichuma yaliyo juu ya kiuno, kwani mbwa hupita chini. Kwa dharura namba ni 999.

Mbwa na sala

Mbwa ni suala lenyewe. Huko huachiwa wakimbie huru msituni, na wengi huja kumlaki mgeni kwa pua na ulimi. Usikimbie na usipige kelele. Simama, kunja mikono kifuani, umwombe mwenyewe amwite. Wataelewa na wataomba radhi sana. Kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Shafii, beba suruali ya akiba na maji ya ziada kwenye begi, ili ukilambwa sala isikusumbue kichwa siku nzima.

Kibla kutoka Uingereza ni kusini-mashariki. Mwezi wa Disemba Adhuhuri, Alasiri na Magharibi hubanana ndani ya muda wa saa nne hivi, kwa hiyo ratiba ya matembezi ipange ukiwa na nyakati za sala za mji huo mkononi, na udhu uuchukue nyumbani au kituoni kabla ya kuingia msituni. Chagua mahali kandokando ya njia, si juu yake, utandike leso yako. Wapitao hupunguza sauti na kuendelea na safari zao.

Ukirudi nyumbani, vua buti mlangoni, zikwangue tope lote kwa kijiti na uzisugue kwa maji, kwa sababu magonjwa ya miti husafiri kwa udongo wa viatu kutoka msitu mmoja hadi mwingine. Zijaze magazeti ndani, uziweke mbali na hita, la sivyo ngozi itakakamaa. Na kabla ya kufunga sanduku la kurudia, pekua mifuko ya makoti ya watoto uzitoe mbegu za mwaloni walizookota, kwa kuwa mbegu haziingizwi Kenya bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea.